Nini cha kununua duka la Wachina, na nini ubaki nacho sokoni

Swali: Habari za kazi. Naishi Nyegezi, hapa Mwanza. Kuna duka kubwa la vyakula vya Kichina ninalipita kila nikienda mjini. Niliingia mara moja, nikazunguka weee, mwishowe nikatoka na chupa moja ya soya sosi. Niliitia kwenye wali vijiko vitatu vya mezani, wali ukawa mweusi kama lami na chumvi haimezeki, watoto wakasusa. Nyumbani sisi ni Waislamu: nguruwe hatuli, pombe hatugusi. Safari ijayo naweza kutenga shilingi elfu hamsini. Tatizo lebo nyingi ni Kichina kitupu. Ninunue nini, niache nini, na nitajuaje kilichomo ndani?

Jibu: Dada yangu, chupa uliyonunua si mbovu, na mkono wako wa kupika hauna kosa. Ulichukua soya sosi ya rangi ukaitumia kama soya sosi ya chumvi.

Kwenye rafu za Wachina soya sosi ni mbili na kila moja ina kazi yake. Shengchou, ambayo kwenye lebo huandikwa 生抽, ni nyepesi, ya kahawia inayopitisha mwanga. Hiyo ndiyo inayotia chumvi na utamu wa mchuzi. Laochou, 老抽, ni nzito na nyeusi, imeongezwa sukari iliyounguzwa, na kazi yake ni kupaka rangi tu. Nusu kijiko cha chai cha laochou kinatosha sufuria ya nyama ya watu wanne. Wewe ulitia vijiko vitatu vya mezani, yaani mara kumi na nane ya hicho, tena juu ya wali ambao bila shaka ulishatiwa chumvi ulipoubandika jikoni. Hata kama herufi hazikuingii, inamisha chupa kwenye mwanga kisha uirudishe wima. Shengchou huteleza na kuacha kioo kikiwa karibu safi. Laochou huacha utando wa kahawia unaoshuka polepole kama asali.

Lebo zenye Kiingereza nazo zina mtego wake. Shengchou huitwa humo kwa neno lenye maana ya "nyepesi", watu wakadhani ni ya chumvi kidogo. Wepesi huo ni wa rangi. Kijiko kimoja cha mezani, mililita 15, kina takriban gramu 2.5 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Vijiko viwili tu vimemaliza hesabu ya siku. Kwa hiyo ukishika chupa hii, kopo la chumvi liache kabatini.

Ukitaka kujua ipi ni nzuri kati ya shengchou tano zilizopangana, geuza chupa utafute vitu viwili. Cha kwanza ni maneno 酿造, yaani imetengenezwa kwa kuchachushwa, si kwa kuchanganya kemikali na rangi. Cha pili ni namba inayofuata baada ya herufi 氨基酸态氮. Hiyo hupima nitrojeni ya amino asidi, na kwa lugha ya jikoni ni kipimo cha ukolezi wa ladha ya soya yenyewe. Kwa viwango vya China daraja la juu huanzia gramu 0.80 kwa mililita 100, na la chini kabisa ni gramu 0.40. Namba hii inaweza kupandishwa kwa kutia kiongeza ladha, ule unga wa glutameti, kwa hiyo tazama pia orodha ya viambato: ikiwa fupi (maji, soya, ngano, chumvi, sukari kidogo), umepata. Ikiwa ndefu kama risala ya mgeni rasmi, rudisha.

Sasa swali lako kubwa. Duka la Wachina ni la chupa na vikavu. Vibichi vina mwenyewe, na mwenyewe ni soko.

Tangawizi, vitunguu saumu, majani ya vitunguu, karoti, hoho, kabichi, biringanya: vyote chukua Soko Kuu, Buzuruga au Kirumba. Mboga ya chainizi usiifuate duka la Wachina kwa sababu ya jina. Wauza mboga wa Mwanza wanayo kila asubuhi, ikiwa mbichi kuliko ile iliyolala kwenye friji ya duka tangu juzi. Na samaki, utoke Mwanza ukanunue samaki wa kugandishwa kutoka ng'ambo, si utakuwa umejitukana? Mabondo ya sangara, vile vibofu vyake vya hewa, yanatoka ziwa hili hili kwenda China na Hong Kong, ambako huliwa kama chakula cha heshima. Ukiyakuta yamekaushwa dukani, yatazame, upite.

Kwenye bei, kumbuka kuwa sehemu kubwa ya mzigo huu hushuka bandari ya Dar es Salaam kisha husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 1,100 hadi kufika kwetu. Chupa ni nzito na huvunjika. Nauli yake imo ndani ya bei. Vikavu ni vyepesi, hukaa muda mrefu, na mara nyingi ndivyo vyenye thamani kubwa kwa pesa yako. Ukilinganisha chupa mbili usitazame bei ya juu, tafuta bei ya mililita 100. Tuseme chupa ya mililita 500 ni shilingi 6,000 na galoni la lita 1.9 ni 18,000: ya kwanza ni shilingi 1,200 kwa mililita 100, la pili ni kama 950. Galoni linaonekana nafuu. Lakini familia inayotumia vijiko vitatu vya mezani kwa wiki humaliza chupa ya mililita 500 kwa wiki kumi na moja hivi, na galoni lingekaa miezi kumi. Soya sosi iliyofunguliwa haiozi upesi, ila hupoteza harufu na kuwa nyeusi zaidi, hasa ikikaa karibu na jiko. Chukua ndogo.

Kwa elfu hamsini yako nenda kwa mpangilio huu, na pesa ikiisha njiani simama hapo hapo. Kwanza shengchou ya mililita 500. Pili mafuta ya ufuta, chupa ndogo kabisa iliyopo. Tatu sosi ya chaza. Nne uyoga mkavu, pakiti ya gramu 100. Tano tambi za choroko. Ikibaki chenji, kichupa cha pilipili ya mafuta, ile yenye vipande vikavu vya pilipili na soya ndani.

Mafuta ya ufuta yana ujanja wake. Yanayotakiwa ni ya ufuta uliokaangwa, ya kahawia na yenye harufu kali. Lebo huandikwa 芝麻油 au 香油. Ukiona herufi 调和 katikati, hayo yamechanganywa na mafuta mengine, mara nyingi ya soya, na bei yake isifanane na ya ufuta mtupu. Haya si mafuta ya kukaangia. Ukiyachemsha harufu inakimbia na uchungu unabaki. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria, baada ya kuzima moto, basi. Ndiyo maana chupa ndogo inatosha miezi miwili, mitatu.

Sosi ya chaza, 蚝油, isome kwenye viambato. Sheria ya kuorodhesha ni moja karibu dunia nzima: kilicho kingi hutangulia. Ikianza na maji na sukari, na maji ya chaza (蚝汁) yakaja nyuma ya chumvi, unanunua sharubati ya chumvi. Nyingi hukosewa baada ya kufunguliwa. Watu huiweka kabatini pamoja na soya sosi, na kwa joto la mchana la Mwanza, mwezi haupiti kabla ukungu haujaota mdomoni mwa chupa. Ikishafunguliwa ni ya friji. Kama friji huna, nunua mifuko midogo badala ya chupa, au iache kabisa.

Twende kwenye nguruwe na pombe, maana hapo ndipo lebo za Kichina zinapomtega Muislamu. Maduka haya huwalenga kwanza Wachina wenyewe, wakiwamo waliokuja na kazi za ujenzi kama daraja la Kigongo–Busisi na reli ya Mwanza–Isaka, kwa hiyo usitegemee kibandiko cha kukuonya. Piga picha ya herufi hizi, uitunze kwenye simu:

猪 – nguruwe
肉 – nyama
酒 – pombe
清真 – halali
牛 – ng'ombe
鸡 – kuku
鱼 – samaki
虾 – kamba
花生 – karanga

Sikiliza hili la 肉 kwa makini. Kwa Mchina "nyama" bila jina la mnyama kwa kawaida ni nguruwe. Nyama ya ng'ombe ataitaja, 牛肉. Kwa hiyo pakiti ya maandazi ya nyama ya kugandishwa iliyoandikwa 肉 peke yake, hata kama huoni 猪 mbele, hesabu kuwa ni nguruwe. Soseji nyekundu kavu (香肠 au 腊肠) kwa kawaida ni nguruwe, na 火腿 ni paja la nguruwe. Tambi za kuchemsha haraka zenye picha ya ng'ombe nje zinaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, 猪油, ndani ya kile kifuko kidogo cha mchuzi mzito. Picha ya nje ni tangazo. Viambato viko mgongoni, baada ya neno 配料.

Pombe nayo hujificha. Divai ya kupikia, 料酒, iko kwenye rafu ile ile ya siki na soya sosi, na chupa zinafanana kama pacha. Ina kilevi cha asilimia 10 au zaidi. Tofu (jibini la soya) iliyochachushwa kwenye vichupa, 腐乳, mara nyingi huloekwa kwenye pombe. Tafuta 酒 kwenye viambato. Soya sosi yenyewe hupata kilevi kidogo sana kutokana na kuchachuka, na wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo. Ukitaka kulala bila wasiwasi, chukua chupa yenye 清真 au neno halali kwa Kiarabu, zipo. Na mapishi yakikuambia utie divai ya kupikia, kazi yake kubwa ni kuondoa shombo. Kamua tangawizi iliyotwangwa upate kijiko kimoja cha mezani cha maji yake, ongeza matone matano ya ndimu, umemaliza kazi.

Tarehe. Wachina huandika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 20250314 ni tarehe 14 Machi 2025. Kosa kubwa ni kudhani hiyo ndiyo siku ya kuisha. Mara nyingi ni siku ya kutengenezwa, 生产日期, na muda wa kukaa umeandikwa pembeni baada ya 保质期: 12个月 ni miezi 12, 18个月 ni miezi 18. Unajumlisha mwenyewe pale dukani. Kanuni mpya ya lebo nchini China, itakayoanza kutumika mwaka 2027, inawataka wenye viwanda waandike siku ya mwisho waziwazi, lakini mzigo wa zamani utaendelea kuwepo rafuni. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa za nje mara nyingi hubandikwa karatasi ya pili yenye maelezo. Karatasi hiyo ikiwa imebandikwa juu ya tarehe, acha. Tarehe ikiwa imefutika au imepigwa muhuri mara mbili, acha. Na dai risiti ya mashine. Bila risiti huna pa kushika ukirudisha kopo lililovimba.

Simu inasaidia. Programu za kutafsiri kwa kamera husoma Kichina, na ukishusha lugha hiyo ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri, itafanya kazi hata ndani ya duka ambako mtandao unasuasua. Kwenye chupa ya mviringo husoma vibaya kwa sababu maandishi yanapinda. Piga picha mbili, kushoto na kulia, usome moja moja. Kwenye 配料 huweza kukupa maneno ya ajabu, lakini "nguruwe" na "pombe" haziikosi mara nyingi. Nawe una zile herufi za kuhakikishia.

Uyoga mkavu ndio bidhaa ninayoipenda zaidi kwenye rafu zile, kwa kuwa gramu 20 zake hugeuza mchuzi wa maharage au wa kuku kuwa kitu kingine. Ule wa kofia za kahawia huitwa xianggu, 香菇. Chagua kofia nene zenye mipasuko myeupe juu, na mfuko usio na unga unga chini, maana unga huo ni kazi ya wadudu. Loweka kwenye maji ya baridi saa tatu hadi nne, au usiku kucha ndani ya friji. Wengi huumwagia maji ya moto ili ulainike kwa nusu saa. Hulainika nje, katikati unabaki mgumu kama kizibo, na harufu yake inakuwa hafifu. Kata mashina, ni magumu. Yale maji ya kulowekea yachuje utie kwenye mchuzi. Ndiyo supu yenyewe.

Kuna uyoga wa pili, mweusi, mwembamba, wenye umbo la sikio: mu'er, 木耳. Huu hauna ladha kubwa, watu huula kwa sababu ya ule mkwaruzo wa meno. Gramu 10 zikilowekwa hujaza bakuli, kwa hiyo usimwage pakiti nzima. Na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pengine popote. Uloweke saa moja, upike, uishe. Usiuache ndani ya maji kutwa au usiku kucha jikoni. Kwenye joto, bakteria fulani huweza kuota humo na kutoa sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, ambayo haina harufu, haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. China kumetokea watu kuumia ini na kufa kwa uyoga uliolowekwa siku mbili. Ukibaki na ziada, utupe. Ukiwa na utelezi au harufu ngeni, utupe na maji yake.

Tambi za choroko, 粉丝, ni nyeupe zikiwa kavu na huwa kama kioo zikiiva. Ndiyo, choroko ile ile ya kwetu, wanga wake umetolewa ukavutwa nyuzi. Zinaharibika pale mtu anapozichemsha kama tambi za ngano: dakika nane kwenye maji yanayotokota na umepata uji. Zitie kwenye maji ya moto yaliyokwisha kutolewa jikoni, dakika tano hadi saba, zichuje, zikate kwa mkasi, kisha zitie kwenye mchuzi mwishoni kabisa. Hunywa mchuzi kama mchanga, kwa hiyo ongeza kikombe kimoja cha supu. Kuna za kufanana nazo zilizotengenezwa kwa mchele, 米粉. Hizo hubaki nyeupe, na zile nyembamba hulowekwa kwa njia hiyo hiyo. Zile nyepesi za ngano, 挂面, huchemshwa dakika tatu hadi tano.

Wanga wa kuzuia nyama isikauke usiupeleke akilini sana. Wanga wa mahindi wa duka lolote unafaa. Ila usibadilishe kwa unga wa muhogo wa ugali, hasa udaga: huo umechachuka, harufu yake itapanda juu ya kila kitu. Kwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kukata nyuzi, tia kijiko kimoja cha mezani cha shengchou, kimoja cha wanga, viwili vya maji, uchanganye hadi maji yamezwe, umalizie kwa kijiko kimoja cha mafuta. Iache nusu saa. Kaanga kwenye karai lililopata moto hasa, robo kilo kwa mara moja. Jiko letu la gesi la nyumbani halina nguvu ya kukaanga nusu kilo kwa mkupuo. Nyama itatoa maji na kuanza kuchemka, halafu lawama ziende kwa soya sosi.

Friza la duka nalipita haraka. Kwako kuna vichache vya halali, na umeme wa kukatika hauna huruma. Mfuko wenye barafu ngumu iliyoganda upande mmoja, au maandazi yaliyoshikana kuwa tofali, uliyeyuka ukagandishwa tena. Tofu mbichi inafaa kama duka linaipata kila siku na unafika asubuhi: inuse, isiwe na uchachu. Nyumbani izamishe kwenye maji safi ndani ya friji, badilisha maji kila siku, uimalize ndani ya siku tatu. Kutoka mjini hadi Nyegezi kwa daladala la jioni ni mwendo wa kuichukua mwisho, ukiwa umeshalipia vingine. Nenda na kikapu kigumu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na chupa tatu hazibebwi na mfuko mwepesi wa kitambaa zikafika salama.

Siki nyeusi, maharage meusi yaliyochachushwa, doubanjiang ya pilipili na maharage ya bakla, huajiao inayotia ganzi ulimi: viache kwa safari ya pili. Si kwamba ni vibaya. Kila kimoja kinatumika kwa mapishi yake machache, na usipoyajua vitakaa kabatini hadi vitupwe. Kiungo chenye umbo la nyota pekee ndicho ningekuongezea, kwa kuwa punje moja nzima kwenye pilau au supu ya mifupa inakaa vizuri na mdalasini na karafuu zako. Moja. Mbili zinanuka dawa ya kikohozi.

Cha kujaribia hizo chupa, anza na sato, si wali. Chukua soko la samaki la Mwaloni sato wa gramu 600 hadi 700, macho yameng'aa, matamvua mekundu. Mpare, msafishe, mchane mara mbili kila upande penye nyama nene, umkaushe kwa kitambaa. Usimtie chumvi. Weka majani ya vitunguu matatu mazima kwenye sahani ya bati, mlaze juu yake ili mvuke upite chini, mpangie vipande vya tangawizi. Kwenye sufuria pana geuza bakuli dogo la bati, tia maji yasifike sahani, yaache yatokote kwa nguvu ndipo umuingize. Funga kifuniko kwa kitambaa ili matone yasimdondokee. Dakika tisa au kumi. Ukimwingiza maji yakiwa bado baridi, dakika hizo hazitamtosha, atatoka mbichi mfupani.

Akitoka, sahani itakuwa na maji ya rangi ya maziwa. Yamwage yote, humo ndimo shombo lilimo, na wanaoyabakiza ndio wanaosema samaki wa mvuke hana ladha. Ondoa tangawizi na majani ya zamani, mtandazie mapya yaliyokatwa nyuzi nyuzi. Pasha vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti hadi yaanze kutoa moshi, mmiminie juu ya majani hayo yaungue kidogo. Kwenye kikaango hicho hicho pasha vijiko viwili vya shengchou, viwili vya maji na kimoja cha chai cha sukari, umimine pembeni ya samaki, si juu yake. Matone machache ya mafuta ya ufuta, na wali mweupe pembeni.

Ile chupa nyeusi uliyo nayo usiitupe. Safari nyingine ukipika nyama ya ng'ombe ya mchuzi au kuku wa kukaanga na kitunguu, tia nusu kijiko cha chai dakika kumi kabla ya kuepua, ukoroge, utazame rangi kabla ya kufikiria kuongeza. Kwenye sahani nyeupe itakuwa ya kahawia yenye wekundu. Kwa mwendo huo chupa itakutosha mwaka mzima, na watoto hawatajua kuwa ni ile ile.